Maji Yametoka, Jioni Yatarudi: mwongozo kwa anayemlea mtoto ambaye mzazi wake anaumwa akili

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu amesimama kibarazani huko Moa, ananyoosha kidole upande wa pwani na kusema, "Maji." Mama yake, mikono imejaa unga, anamjibu bila hata kugeuka: "Ee, maji yametoka. Jioni yatarudi, na baba atarudi na ngalawa." Hakuna aliyepanga kufundisha. Lakini kwa jibu hilo moja mtoto amepata neno jipya, amejulishwa kwamba kitu kikiondoka hurudi, amehusisha maji na baba, na zaidi ya yote amejua kwamba akisema, yupo anayesikia. Kesho atajaribu maneno mawili.

Sasa mtoto huyo awe nyumba ya tatu kutoka hapo, ambako mama amekaa mkekani tangu alfajiri, midomo inacheza, anajibizana na sauti anazozisikia yeye peke yake. Mtoto anasema, "Maji." Anasema tena. Mara ya tatu anavuta kanga ya mama. Baada ya siku nyingi za namna hiyo, hasemi tena.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye karibu na mtoto wa pili: bibi, baba, shangazi, mjomba, jirani, mwalimu wa darasa la awali, mwalimu wa chuo cha Kurani, mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Ni wa mzazi mwenyewe pia, siku anapokuwa na nafuu na anataka kujua mwanawe anahitaji nini.

Moa ni kata ya pwani katika Wilaya ya Mkinga, kaskazini mwa mji wa Tanga, upande wa mpaka wa Horohoro. Mgonjwa akizidiwa, safari huwa ni kutoka kijijini hadi barabara kuu ya Horohoro, kisha Tanga mjini, hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo. Mkoa wenyewe una historia ndefu na maradhi haya. Juu ya milima ya Usambara, mahali paitwapo Lutindi, wamisionari wa Kijerumani walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 makao hayo yakageuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na Lutindi ingali inawapokea wagonjwa hadi leo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watoto ikawa ya wagonjwa. Kwa miaka mingi tangu hapo, anayeulizwa hali ni mgonjwa. Mtoto aliyekuja naye akiwa ameshika kapu la chakula haulizwi kitu, na ni haki aulizwe.

Jambo la kwanza ambalo mlezi anapaswa kulijua ni kwamba ugonjwa wa akili wa mzazi haumwingii mtoto kama mvua inavyoingia kwenye paa bovu. Kurithi kupo, lakini si kama watu wanavyoogopa. Katika kila watoto 10 wenye mzazi mmoja anayeumwa skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kushikilia mawazo yasiyo na msingi, takriban mmoja ndiye atakayekuja kuupata. Kwa watu wote kwa jumla ni kama mmoja kati ya 100. Kwa hiyo hatari imeongezeka, na ni kweli. Lakini tisa kati ya wale 10 hawatakuwa na skizofrenia. Anayemwambia mtoto "na wewe utakuwa kama mama yako" anasema uongo, na uongo huo unaumiza.

Swali la akili za mtoto, yaani kukumbuka, kusikiliza, kupanga na kusema, ni tofauti kidogo, na hapo ndipo pana kazi. Nchini Denmark watafiti waliwapima watoto 522 wa miaka saba. Kati yao, 202 walikuwa na mzazi mwenye skizofrenia, 120 walikuwa na mzazi mwenye baipola, ugonjwa unaompandisha mtu juu kisha ukamshusha chini kwenye huzuni nzito, na 200 walikuwa wa wazazi wasio na maradhi hayo. Watoto wa kundi la kwanza, kwa wastani, walikuwa nyuma katika kasi ya kufikiri na katika kushika jambo kichwani huku wakilifanyia kazi. Watoto wa wazazi wenye baipola walikuwa karibu sawa na wenzao. Huo ni wastani tu, na ndani yake wamo watoto wengi wa wazazi wenye skizofrenia waliofanya vizuri bila tatizo lolote. Kwa hiyo usimhukumu mtoto kwa jina la ugonjwa wa mzazi wake. Mtazame yeye.

Kwa nini baadhi yao hubaki nyuma? Sababu moja iko kwenye damu. Nyingine iko kibarazani, pale neno "maji" lilipokosa jibu. Ubongo wa mtoto mdogo hujengwa kwa zamu: yeye hutoa sauti, mtu hujibu, hutazama kitu, mtu hukitaja, hulia, mtu huja. Mama mwenye sonona kali, ile huzuni nzito isiyoondoka, si kwamba hampendi mwanawe. Anamwona, lakini mwili umekuwa mzito, jibu linachelewa, na mtoto ameshageukia pengine. Mama anayesikia sauti leo anacheka na mtoto, kesho anamwogopa. Mtoto asiyejua jibu gani litakuja hutumia akili yake kulinda usalama wake, na inayobaki ya kujifunza huwa kidogo. Ukiongeza njaa ya siku ambazo hakuna aliyepika, na asubuhi ambazo hakuna aliyemwamsha kwenda shule, picha imekamilika.

Finland wana utafiti mwingine unaostahili kukumbukwa. Pekka Tienari na wenzake waliwafuatilia kwa miaka mingi watoto waliozaliwa na mama wenye skizofrenia lakini wakalelewa na familia nyingine. Waliokulia katika nyumba zenye maelewano na utaratibu walipata ugonjwa mara chache. Waliokulia penye ugomvi na vurugu walipata zaidi. Kuna watakaosoma hapa wakadhani dawa ni kumnyang'anya mama mtoto. Sivyo. Somo ni kwamba nyumba ina nguvu, na nyumba inaweza kutengenezwa mtoto akiwa humohumo, mama yake akimwona.

Kazi ya kwanza, basi, ni mama au baba atibiwe. Hakuna mchezo wala kitabu kinachomsaidia mtoto kama mzazi aliyetulia. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa kwenda kliniki ya afya ya akili, na uulize mapema kuhusu msamaha wa malipo kama familia haina uwezo. Wagonjwa wengi husahau au huchoka vidonge. Wapo wanaofaa kupewa sindano ya muda mrefu inayochomwa mara moja kila baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo uliza kama inapatikana. Uliza pia saa ya dawa. Baadhi ya dawa hizi zinaleta usingizi mzito, na mama aliyezimeza asubuhi hulala mchana kutwa huku mtoto akizurura. Mara nyingi daktari anaweza kuhamishia dozi usiku. Ni swali dogo, halina gharama, na linaweza kumrudishia mtoto asubuhi nzima ya mama yake.

Lipo jambo jingine la dawa ambalo kila mwanamke wa umri wa kuzaa anapaswa kuambiwa. Valproeti ya sodiamu, inayotumika kwa kifafa na kwa baipola, humdhuru mtoto aliye tumboni: watoto watatu hadi wanne kati ya 10 waliokumbana nayo wakiwa tumboni huja kuwa na matatizo ya kukua kiakili, na takriban mmoja kati ya 10 huzaliwa na kasoro ya mwili. Shirika la Afya Duniani linashauri isitumiwe na wanawake wanaoweza kupata mimba, na zipo dawa nyingine. Mwanamke anayeitumia asiiache ghafla kwa hofu, kwa maana degedege au kuchachamaa kwa ugonjwa nako kunaweza kuua. Aende kliniki na paketi mkononi, aulize jina la dawa yake, aseme kama ana mpango wa kuzaa.

Na mganga je? Pwani hii mtu akianza kuongea peke yake, wengi hufikiria pepo au jini kabla ya kufikiria hospitali. Familia itasoma dua, itamnywesha kombe, maji ya aya zilizoandikwa, itaita fundi wa pepo. Kugombana nayo hakumsaidii mtoto. Tanga si ngeni kwa ushirikiano wa pande hizo mbili: kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990, kundi la Tanga AIDS Working Group liliwaweka pamoja waganga wa jadi na madaktari katika kuwatunza watu wenye virusi vya ukimwi. Mlezi ashike mambo mawili tu. Vidonge visikatishwe kwa sababu ya ngoma au kombe, na mgonjwa asifungwe minyororo wala asipigwe. Mtoto aliyemwona mama yake amefungwa kamba kwenye mnazi haisahau picha hiyo.

Dharura moja haisubiri mtu yeyote. Mama aliyejifungua siku chache zilizopita, au wiki mbili tatu, akikosa usingizi kabisa, akaanza kusema yasiyoeleweka, akadai mtoto si wake au ametumwa kumfanyia jambo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Ugonjwa huu humpata mama mmoja au wawili kati ya 1,000, na hutibika vizuri. Mpaka afike hospitali, asiachwe peke yake na kichanga hata kwa dakika ya kwenda kisimani.

Baada ya hapo inakuja kazi ya kila siku, ambayo ni kuhakikisha mazungumzo hayakatiki. Mama akinyamaza, mtu mwingine achukue zamu. Siyo "watu wa nyumbani" kwa jumla, maana kazi ya watu wote mara nyingi haina mtu. Mtajeni: asubuhi fulani, jioni fulani. Pwani ina utajiri hapa. Wadigo wa pwani hii, ambao zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama, walimpa mjomba nafasi kubwa katika maisha ya mpwa wake. Huu ndio wakati wa kumkumbusha nafasi hiyo. Mama mdogo yupo, shangazi yupo. Baba anayekwenda dago, kambi ya wavuvi, huwa hayupo kwa siku nyingi, lakini maji mafu yakimrudisha nyumbani, anaposhona nyavu, mtoto akae pembeni amshikie nyuzi na waongee. Mtoto hahitaji mtu wa kukaa naye mchana kutwa. Anahitaji mtu yuleyule, saa ileile, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, mtu anayemtazama na kumjibu.

Zamu hizo hazitaki vifaa vya dukani. Mjini Kingston, Jamaika, mwaka 1986 na 1987, watafiti walichukua watoto 129 waliodumaa. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa kawaida wa jamii, saa moja kwa wiki kwa miaka miwili. Mhudumu alimwonyesha mama jinsi ya kucheza na mwanawe kwa vitu vilivyotengenezwa palepale. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa na kuchezeshwa walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakuchezeshwa.

Tazama bibi anayesuka ukili wa mkeka. Mjukuu wa miaka minne amekaa kando ya rundo la miyaa. Bibi haachi kazi yake. "Nipe mwaa mweupe, mwanangu." Anapewa. "Sasa mwekundu." Anapewa. Baada ya kitambo bibi ananyamaza na kuinua ukili. "Haya, nani anafuata?" Mtoto anausogelea, anafuata kwa kidole, mweupe, mwekundu, mweupe. Mkono umeshakwenda kwenye rundo, anaurudisha, anatazama tena. "Mwekundu!" "Mrefu au mfupi?" Hapo pana kumbukumbu, pana mpangilio, pana kuuzuia mkono usitangulie macho: mambo ya aina waliyoyapima wale watafiti wa Denmark. Bibi huyo hajui kama anajenga ubongo. Ni vizuri aambiwe, ili siku binti yake akizidiwa asidhani kumkalisha mjukuu pembeni ni kupoteza muda.

Kwa kichanga, zamu ni uso. Kaa naye uso kwa uso, toa ulimi, subiri. Huenda akajaribu. Akisema "ba", nawe sema "ba". Kwa wa mwaka mmoja hadi mitatu, taja kila anachokitazama, na akisema neno moja mrudishie na jingine: akisema "samaki", sema "samaki mkubwa". Wa miaka minne na mitano achambue dagaa, atenge makombe ya pwani kwa ukubwa, ahesabu nazi zinazoanguliwa, asikilize hadithi ya jioni kisha kesho aisimulie yeye. Mtoto wa miaka minane aulizwe bamvua, yale maji makubwa ya bahari, itaanza lini na amejuaje. Akikosea, muulize tena baada ya siku tatu, akiwa amekwenda kuangalia mwenyewe.

Siyo lazima zamu zote zitoke nje ya chumba cha mgonjwa. Siku mzazi ana nafuu, mkalishe na mwanawe kwa muda mfupi, kazi iwe ndogo na yenye mwisho: kumchana nywele, kumwimbia wimbo mmoja, kupanga vikombe. Kaa karibu. Usimsahihishe mbele ya mtoto. Huko Lira, kaskazini mwa Uganda, kinamama wenye watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu walikutana katika vikundi vilivyoongozwa na wanakijiji wenzao, wakajifunza kucheza na kuongea na watoto, na pia kujiheshimu wenyewe na kuelewana na waume zao. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015: watoto walikuwa wamesonga mbele katika lugha na akili, na dalili za sonona kwa mama zao zilikuwa zimepungua. Mama alipomsaidia mtoto, naye alipata ahueni. Ni jambo la kumwambia mzazi mgonjwa anayeamini kwamba ameshaharibu kila kitu.

Mlezi anajuaje kama mtoto anabaki nyuma? Miezi sita anageukia sauti na kucheka na watu. Mwaka mmoja ana neno moja mawili na anajibu akiitwa jina. Miaka miwili anaunganisha maneno, "mama maji", "baba njoo". Miaka mitatu watu wa nje wanamwelewa mara nyingi anachosema. Akiwa nyuma ya hapo, au akiacha kusema maneno aliyokuwa akiyasema, mpeleke kliniki na kadi yake. Usikubali jibu la haraka kwamba "ni kwa sababu ya mama yake". Masikio yanayotoa usaha yanaweza kumfanya mtoto asisikie vizuri. Malaria kali inaweza kuacha madhara kwenye ubongo. Upungufu wa damu humfanya mtoto awe mzito wa kushika mambo. Haya yote yana tiba au msaada wake, na mtoto wa mgonjwa wa akili ana haki ya kuchunguzwa kama mtoto mwingine yeyote.

Kisha kuna jambo ambalo familia nyingi hulikwepa: kumwambia mtoto ukweli. Wakubwa hunong'ona, hufunga mlango, husema "mama amesafiri". Mtoto naye hujitafutia maelezo, na mara nyingi maelezo anayoyapata ni kwamba yeye ndiye chanzo: alivunja bakuli, alilia usiku, alikataa kwenda dukani. Huko Boston, daktari William Beardslee aliwachunguza vijana waliokua vizuri ingawa wazazi wao walikuwa na sonona nzito. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1988 yanaonyesha mambo waliyofanana: walielewa kwamba mzazi ni mgonjwa na kwamba wao si sababu, walikuwa na watu wa kuwategemea nje ya nyumba, na walikuwa na shughuli zao wenyewe za kufanya. Mtoto hawezi kupata lile la kwanza bila mtu mzima kufungua mdomo.

Maneno yenyewe si magumu. Kwa mtoto wa miaka mitano: "Mama anaumwa. Ugonjwa wake uko kichwani, ndiyo maana anaongea peke yake. Wewe hukumuumiza. Hauambukizi. Anakunywa dawa. Mimi nipo." Kwa wa miaka 10 ongeza jina la ugonjwa, ili asilisikie kwa mara ya kwanza barabarani. Mwache aulize. Ukiwa hujui jibu, sema mtakwenda kumwuliza daktari, kisha mwende kweli. Akisema anamchukia baba yake, usimkaripie. Mwambie unaona jinsi alivyoumia, na kwamba unaweza kumpenda mtu na bado ukachoka na ugonjwa wake. Mazungumzo haya hayaishi siku moja. Yarudie akifika darasa la tatu, yarudie akibalehe.

Shuleni mambo mengine huharibika kwa neno moja. "Mtoto wa kichaa" likishatamkwa uwanjani, mtoto anaanza kuumwa tumbo kila asubuhi. Mwalimu analo jukumu la kulikata neno hilo siku ya kwanza, bila kumwita mtoto mbele ya darasa na kumfanya maonyesho. Mlezi naye amfuate mwalimu mapema, amweleze kwa faragha, akubaliane naye mambo madogo: mtoto akichelewa asipigwe wala asirudishwe kabla ya kuulizwa, asipomaliza kazi ya nyumbani apewe dakika 20 za kuifanya shuleni, maagizo marefu yakatwe vipande, kwa kuwa mtoto ambaye hakulala huku mama akizunguka usiku hashiki mambo matatu kwa pamoja. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, na darasa la awali limo humo, kwa hiyo mtoto wa miaka mitano asibakizwe nyumbani "amchunge mama". Awali inampa saa kadhaa za utaratibu, za watoto wenzake na mtu mzima anayejibu. Chuo cha Kurani kinampa jambo hilohilo jioni, mwalimu wake akiwa mpole.

Kwa mtoto mkubwa, hatari hugeuka. Yeye huwa mzazi. Binti wa miaka 12 anapika, anaogesha wadogo, anaficha kisu, anahesabu vidonge, anakwenda kuomba unga kwa jirani. Watu humsifu: ana akili, ana adabu, amekomaa. Sifa hizo zinamfunga. Kusaidia kazi za nyumbani ni malezi mema; kubeba dawa za mama na usalama wa nyumba nzima si kazi ya mtoto. Mtu mzima achukue vidonge, achukue usiku, achukue safari za hospitali. Binti abaki na kazi ndogo moja mbili, na muda wa kusoma usioguswa. Kama kaya haina chakula, mwenyekiti wa kitongoji na ofisi ya kijiji waulizwe kuhusu mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, na afisa ustawi wa jamii wa wilaya ajulishwe kwamba yupo mgonjwa mwenye watoto.

Ofisi hiyohiyo ndiyo ya kukimbilia pakiwa na hatari. Mtoto akipigwa, akinyimwa chakula, akifungiwa ndani, au mzazi akisema sauti zinamwambia amdhuru, hapo subira si wema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, hailipiwi, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mfundishe namba hiyo kama unavyomfundisha jina la kijiji chake. Chagueni naye pia nyumba moja ya kukimbilia usiku, mwenye nyumba ajue, na mtoto aijue njia hata gizani. Kutoka kwake usiku hakuna maana ya kumtoroka mama. Mweleze hivyo mapema, siku nyumba imetulia.

Mama akilazwa Bombo, mtoto aambiwe kabla hajaondoka, au asubuhi ileile kama aliondolewa usiku. Abaki na wadogo zake katika nyumba moja ikiwezekana. Kugawanya watoto watatu kwa mashangazi watatu ni kuwaondolea hata kile kidogo kilichobaki. Achore picha ipelekwe. Hospitali ikiruhusu simu, aongee naye dakika mbili, hata mama akijibu kwa neno moja. Kutembelea kunafaa mgonjwa akishatulia, siyo siku ya kwanza.

Kurudi nyumbani kunahitaji uangalifu kuliko kuondoka. Mama anarudi mzito kwa dawa, mikono inatetemeka, ameongezeka mwili, na mtoto wa miaka mitatu anaweza kujificha nyuma ya bibi. Asilazimishwe kumkumbatia. Kwa wiki za kwanza bibi aendelee na zamu zake zote, na mama aketi karibu, asikilize, aingie pale anapoweza. Siku moja mtoto atanyoosha kidole pwani na kusema kitu, na mama ndiye atakayemjibu. Jibu likichelewa, wengine wamsubiri wasimjibie. Tarehe ya kurudi kliniki iandikwe kwa herufi kubwa ukutani, na jina la mtu mzima atakayemsindikiza liandikwe chini yake.